Nilisema Unyooshe, Sikusema Ulale

Shamba la Bwana Soksi, Rongai
12 Februari 1956

Kwa binti yangu Chepkemei,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu natumaini u mzima huko Bondeni na kazi yako ya hospitali inaendelea vizuri. Huku sisi wazima. Mama yako mzima, mbuzi wazima, hata yule jogoo wa jicho moja ambaye tulidhani hatamaliza mwezi, mzima kabisa. Mgonjwa ni mgongo wangu peke yake, na kwa kuwa siwezi kuuacha nyumbani nikaenda kazini, basi hesabu kwamba na mimi ni mgonjwa.

Unajua ulivyoanza. Mwaka juzi niliteleza kwenye matope ya mlango wa banda la kukamulia nikiwa nimebeba mkebe uliojaa. Sikuanguka. Niliukumbatia ule mkebe, hakuna tone lililomwagika, na Bwana Soksi akasema, "Mzuri sana, Kosgei." Maziwa yake yalipona. Mimi sikupona.

Tangu hapo nimefanyiwa mambo ya kuchukiza. Mama yako amenipaka mafuta ya kondoo mpaka nanuka kama ngozi iliyosahauliwa mvuani. Mhindi wa duka la stesheni aliniuzia dawa ya chupa yenye picha ya farasi, nikajipaka, ngozi ikachubuka, na farasi nadhani bado anacheka. Halafu akaja mganga mmoja kutoka upande wa Ravine. Akanichanja kiunoni, akaweka pembe, akanyonya, akatema kitu cheusi mchangani, akasema, "Huo ndio ugonjwa wenyewe, mzee." Nilikitazama vizuri. Kilikuwa ugoro wake. Nilimfukuza huku nimeinama, na mtu akimfukuza mwenzake ameinama hata hatishi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Hapa kila mkamuaji huinua mikebe yake mwenyewe kuipandisha kwenye gari la ng'ombe, ndiyo sheria ya Bwana. Mimi wenzangu wamekuwa wakiniinulia kwa siri. Kemboi, nyapara wetu, ameona, na Kemboi akiona kitu Bwana naye huwa ameshakiona. Nimeambiwa mvua kubwa zikiisha kama bado siinui, nitapelekwa jiko la mbwa. Memsahib ana mbwa wakubwa kama ndama, na lazima mtu awachemshie mapafu na matumbo na farasi waliokufa. Mzee aliyekuwa huko ameondoka juzi, mtu akipita karibu naye anashika pua. Na baada ya jiko la mbwa hakuna kazi nyingine shambani hapa. Ni kufunga mizigo na kuacha nyumba.

Mimi nimekamua tangu sijatahiriwa. Ng'ombe wananijua kwa mikono. Siwezi kwenda kupikia mbwa.

Nasikia iko sindano. Jirani yetu alichomwa moja tu hapo Nakuru, akarudi anatembea kama kijana. Mwulize daktari wako. Usiniletee maneno, nataka sindano.

Ni mimi baba yako,
Kiprugut arap Kosgei


Bondeni, Nakuru
26 Februari 1956

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Mama. Mimi sijambo, kazi iko, chakula kipo, na mwenzangu wa chumba Rahab anawasalimu. Nimesikitika sana kusikia mgongo bado unakusumbua hivyo.

Baba, niliuliza. Hakuna sindano ya mgongo kama wako. Sindano aliyochomwa jirani nimeiuliza pia, na haikuwa ya mgongo. Kwa heshima sitaandika ilikuwa ya nini, ila mkewe amwangalie.

Tafadhali acha hayo mafuta ya farasi. Hujui ninayoyaona hapa. Jana tulimpokea mtu aliyekunywa mafuta ya taa kwa ajili ya kiuno. Aliyeshika beseni ni mimi. Mpaka sasa ninavyoandika, chai hainishuki. Watu wako tayari kumeza uchafu wowote mradi umetoka kwenye chupa, lakini ukiwaambia wabadilishe namna wanavyoishi wanakutazama kama umewatukana.

Yuko Sista mmoja hapa, Mzungu mzee, wakati wa vita kazi yake ilikuwa kuwarudishia askari walioumia nguvu za viungo. Nilimweleza habari zako zote. Amesema maumivu ya muda mrefu namna hiyo hayaondolewi kwa siku moja. Yanatunzwa kila siku kama mtu anavyotunza ng'ombe, ukiruka siku moja utaona. Alisema kwa Kiingereza, nami nimeyatia kwa Kiswahili.

Uache busaa, Baba, na ugoro. Unywe maji, siyo chai ya sukari kutwa. Mboga za majani kila siku, na usile usiku sana. Hicho kitanda cha kamba kilichobonyea katikati ndicho adui yako mkubwa, lala juu ya mbao. Ukikamua, tafuta kigoda kirefu kidogo usijikunje. Ukigeuka, geuza miguu kwanza, usisokote kiuno. Utembee kila siku, hata kama ni pole pole, kuzunguka bwawa. Na hili ndilo kubwa kuliko yote, Sista amelirudia sana: unyooshe mgongo asubuhi na jioni, bila kukosa.

Najua unataka sindano. Jaribu haya kwanza kwa ajili yangu.

Binti yako,
Chepkemei


Rongai
25 Machi 1956

Kwa Chepkemei,

Salamu. Sisi tuko, mvua imeanza, matope ni yaleyale.

Nilikuomba sindano, umenitumia amri za shule. Lakini wewe ndiye mtoto wangu aliyesoma, na nisipokutii wewe nitamtii nani, yule wa ugoro? Basi nimeanza.

Nataka ujue kwamba ni maisha ya kuchukiza. Mnavu asubuhi, mnavu jioni, nimekuwa mbuzi. Maji matupu yananitazama ndani ya kikombe. Mama yako alifurahi kuona amri ya sukari, akaitoa mezani kabla sijamaliza kusoma barua. Kitanda cha kamba amekigawa, sasa nalala juu ya mbao za boksi la mashine, zimeandikwa maneno ya Kizungu, na asubuhi mama yako anasema maneno hayo yameandikika ubavuni mwangu.

Busaa nimeacha. Na hilo limeniletea aibu nyingine, maana mchungaji alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba Kiprugut ameacha pombe kwa nguvu za Roho. Watu wakapiga makofi. Ningewezaje kusimama kusema ni kwa nguvu za kiuno? Sasa wananiita nitoe ushuhuda. Wenzangu wa zamani wanapita mbali nami.

Hilo la kunyoosha mgongo peke yake ndilo naliona lina akili. Huyo Sista ni mtu wa maana. Nalifuata bila kukosa, asubuhi baada ya kukamua na jioni kabla ya kukamua tena. Hapo ndipo napata nafuu kidogo, ingawa nikiinuka kiuno huwa kimekaza.

Ni mimi baba yako


Bondeni
8 Aprili 1956

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima ila tuna wagonjwa wengi wa tumbo wakati huu wa mvua, na mikono yangu inanuka dawa ya choo hata nikila.

Umenifurahisha sana, Baba. Nilimsomea Sista ile sehemu ya kunyoosha mgongo, akasema wewe una bidii kuliko askari wake wote. Habari ya kiuno kukaza, amesema ni kawaida mwanzoni, usiogope. Ukiona kinakaza, ongeza kunyoosha. Usipunguze hata kidogo.

Ushuhuda toa tu, Roho hatakasirika.

Binti yako,
Chepkemei


Rongai
20 Mei 1956

Kwa Chepkemei,

Mama yako anakusalimu. Mimi pia nakusalimu, ingawa karatasi hii ukiinusa utajua imetoka wapi.

Niko jiko la mbwa. Hata mvua hazikungojewa ziishe.

Nilifanya kama ulivyosema. Baada ya kukamua asubuhi, wenzangu wakienda kunywa chai, mimi nilikuwa naenda nyuma ya ghala la nyasi, natandika gunia, nalala chali, nanyoosha mgongo. Jioni vilevile. Ulipoandika niongeze, nikaongeza. Siku za mvua niliingia ndani kabisa ya nyasi kavu, kuna joto zuri huko, nikanyoosha mpaka nikasahau dunia. Nikiinuka mgongo ni mgumu kama mbao ninazolalia. Nikasema labda ndivyo dawa inavyofanya kazi, nikaongeza tena.

Basi Alhamisi moja usingizi ukanichukua. Ng'ombe wamefika, viwele vimejaa, wanalia, Kosgei hayupo. Kemboi akafuata mkoromo. Aliponiamsha nikamwambia ukweli, "Niko kwenye matibabu, nimeagizwa na hospitali."

Akasema, "Mzee, hiyo dawa hata mimi nataka."

Akanipeleka kwa Bwana. Bwana Soksi hakupiga kelele. Alivuta soksi zake juu, akasema, "Wewe lala, mimi lipa? Hapana. Kwenda kwa mbwa."

Mwanangu, sijui nikuambie vipi. Kuna pipa juu ya moto. Ndani yake kuna mapafu, yanaelea, ukiyasukuma chini yanarudi juu. Kuna povu la kijivu ambalo lazima nilitoe kwa mkono, na inzi wanaosubiri nilitoe. Farasi akifa mahali popote upande huu, analetwa kwangu. Harufu imeingia kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye mate. Memsahib anakuja kila siku, anainamia pipa, anavuta pumzi, anasema, "Mzuri." Mbwa wake wanakula nyama kila siku, mimi ninayewapikia nakula mnavu kwa amri ya hospitali.

Mama yako ananiwekea chakula nje. Si kwa ubaya. Alijaribu kukaa nami akatapika, akalia, akaomba msamaha.

Lakini kilichonivunja ni kingine. Jana nilipita bandani kumsalimu ng'ombe wangu Desi. Huyo nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii. Alinusa, akarudi nyuma, akapiga mateke mpaka akavunja ndoo. Wenzangu hawakutaka kunitazama. Niliona aibu, Chepkemei, aibu ya kweli, nikaondoka.

Na mgongo ni mbaya kuliko ulivyokuwa. Mwambie Sista wako asante.

Baba yako


Bondeni
27 Mei 1956

Kwa Baba mpendwa,

Salamu, na unisamehe kwa kuwa leo siulizi habari ya mbuzi.

Baba! Nilisema unyooshe, sikusema ulale!

Kosa ni langu. Nimeisoma barua yako nimesimama uani, nikacheka mpaka Rahab akatoka, halafu nikaanza kulia, akadhani kuna kifo. Sista alisema neno moja la Kiingereza, maana yake kuvuta viungo, kuvikunjua kama mtu anavyofanya akiamka. Mimi nikaandika unyooshe mgongo, na nani asiyejua kwamba kwetu mtu anayenyoosha mgongo amejilaza? Hata wewe Jumapili baada ya chakula ukisema unanyoosha mgongo, tulikuwa tunanyamaza ndani ya nyumba. Nilisoma Kiingereza mpaka nikasahau maneno ya nyumbani. Najichukia kwa hilo, na nikikufikiria unatoa povu kwa mkono kwa sababu ya neno langu, siwezi kula.

Kulala sana ndiko kumekukaza. Dawa yako ni kinyume chake. Nisikilize vizuri sasa, nitaandika kama ninavyomwonyesha mgonjwa.

Tandika gunia. Piga magoti, weka viganja chini, mgongo uwe sawa kama meza. Sasa uinue mgongo juu, kichwa kikiinama, kama paka aliyemwona mbwa. Halafu ushushe tumbo taratibu, kichwa kikipanda, kama ng'ombe mzee aliyezaa sana. Pumua. Rudia pole pole mpaka usikie kiuno kinalegea. Kisha ndipo ulale chali, lakini si kupumzika: vuta goti moja kifuani, liachie, vuta la pili. Mwisho simama mlangoni, shika miimo kwa mikono miwili, jisukume mbele kifua kifunguke. Asubuhi kabla ya chai, jioni kabla ya chakula. Mengine yote endelea nayo, maji, mboga, mbao, kutembea.

Najua ya kwanza hutaipenda. Lakini Baba, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Binti yako anayeona haya,
Chepkemei


Rongai
10 Juni 1956

Chepkemei,

Salamu.

Mimi sitaki chochote cha mvunguni. Nilitaka sindano.

Unajua unachoniambia? Mimi ni mtu mzima, nimetahiriwa, nimekaa na wazee wakati wa kuamua mambo ya mahari na ya mipaka, nina wajukuu kwa kaka yako. Nitembee kwa miguu minne? Wapi? Nyumbani mbele ya mama yako, au jikoni mbele ya mbwa wapate kunidhania mwenzao? Kwanza nililazwa chali nyuma ya ghala kama mlevi. Sasa unataka nitambae. Kesho utaniambia nibweke.

Nimechoka na mambo haya. Nachukia mnavu, nachukia mbao, nachukia mapafu yanayoelea. Watu wanakuja na ushauri na kurudi makwao na migongo yao mizima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Usiniandikie tena habari za kutambaa.

Baba yako


Bondeni
22 Julai 1956

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Sijapata neno kutoka kwako tangu mwezi wa sita. Nimekutumia sabuni kwa mkono wa mtu wa posta ya Rongai, natumaini imefika. Ni ya limau, inaondoa harufu vizuri.

Sitaandika lile ulilokataza. Naomba tu nijue unaendeleaje.

Binti yako,
Chepkemei


Bondeni
9 Septemba 1956

Kwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na baada ya hapo heshima yangu itayumba kidogo, kwa hiyo ukiweza kaa chini kabla ya kusoma.

Shangazi Truphosa alikuja sokoni Jumamosi akapita kwangu. Amenieleza yote. Amesema huwezi kuvaa viatu peke yako. Amesema umerudia kitanda cha kamba, na busaa, na siku nyingine huendi hata kwa mbwa, Mama ndiye anakwenda kukutolea lile povu ili Kemboi asijue. Amesema Mama ndiye anakuosha miguu na mgongo, kwa sababu mkono wako haufiki.

Sasa nikuambie kinachonitia kinyaa mimi, kwa kuwa wewe umeniambia vyako.

Katika wodi yangu yuko mzee karibu na dirisha. Ni wa umri wako, alikuwa mjenzi wa nyumba za mawe. Kuamka kulimuuma, akaacha kuamka. Alingoja sindano. Sasa hata akitaka kuamka hawezi. Ana vidonda mgongoni, Baba, na harufu yake jiko lako la mbwa halina. Mimi ndiye namgeuza. Namvua nguo, namwosha kila mahali, na hana pa kujificha, kwa hiyo anafumba macho kama kwamba asiponiona mimi sitamwona. Ana binti. Siku ya kuwatazama wagonjwa binti yake huja na uji, anasimama mlangoni, na mzee anageukia ukuta mpaka aondoke.

Mama anazeeka. Siku atakaposhindwa, watakuweka kwenye gari la ng'ombe pamoja na mikebe na watakuleta hapa, kwa sababu ndipo nilipo. Na hapa hakuna Mama. Kuna mimi na beseni. Hospitali haijui mila zetu, haiulizi huyu ni baba wa nani. Inaangalia zamu ni ya nani. Nitakuvua nguo mimi, Chepkemei, niliyekuwa siruhusiwi hata kukanyaga mahali ulipokuwa unaogea. Nitakuosha, nawe utafumba macho.

Hilo ndilo linalonitia kinyaa, na mimi nimezoea kila kitu. Sikuchukii wewe hata kidogo. Naichukia siku hiyo.

Umesema kutambaa ni aibu. Ni aibu ya mlango uliofungwa. Nyingine haina mlango.

Sitaandika tena mpaka uniandikie.

Binti yako,
Chepkemei


Rongai
16 Desemba 1956

Kwa binti yangu Chepkemei,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu nakutakia wewe na Rahab Krismasi njema. Huku tuko wazima. Mama yako mzima, mbuzi mmoja amezaa mapacha, jogoo amekufa, tukamla, alikuwa mgumu.

Najua umengoja. Barua yako niliisoma nikaitia kwenye moto chini ya pipa. Kwanza nilinyamaza kwa hasira, kwamba mtoto anaweza kumwandikia baba yake maneno kama yale. Kisha nikanyamaza kwa kuwa yalikuwa kweli. Tangu hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi, na sikutaka kukuandikia kabla sijaona mwisho wake.

Kesho yake baada ya kuichoma ile barua niliingia jiko la mbwa, nikafunga mlango, nikatia kipande cha mti kwa ndani. Nikatandika gunia, nikashuka. Kushuka kwenyewe kulinitoa machozi. Nikawa meza, nikawa paka, nikawa yule ng'ombe mzee wako aliyezaa sana. Mbwa walisikia ninavyopumua wakaja kunusa chini ya mlango, mmoja akapitisha ulimi kwenye ufa akanilamba kidole. Nilitukana kila kitu, hata nikamtukana Sista, na umwombe anisamehe. Lakini nilimaliza.

Nimeendelea kila siku. Nimegawa kitanda cha kamba mara ya pili, na aliyekipokea ameapa hanirudishii. Maji nakunywa. Mnavu nakula, na bado nauchukia. Asubuhi kabla watu hawajajaa njiani nazunguka bwawa na fimbo, sasa fimbo naibeba tu. Mama yako aligundua. Alichungulia penye ufa siku moja nikiwa katika hali ya ng'ombe, akaondoka kimya kimya, hakusema neno mpaka leo. Ila tangu siku hiyo gunia nalikuta limekung'utwa na kukunjwa vizuri.

Maumivu hayajaondoka, usimdanganye mtu kwamba yameondoka. Nikiruka siku moja yananikumbusha. Lakini viatu navaa mwenyewe, na pipa la mbwa nalikoroga mwenyewe, mama yako hajakanyaga huko tangu mwezi wa tisa.

Sasa sikia lililotokea wiki iliyopita. Bwana Soksi aliniona natembea nimesimama sawasawa, akaniita.

"Kosgei, wewe iko mzuri sasa. Rudi maziwa."

Moyo wangu uliruka, sitakuficha. Nikamwambia, "Bwana, kukamua nitakamua kuliko wote. Mikebe waniinulie vijana."

Akasema, "Hapana. Maziwa na mkebe, pamoja. Ama mbwa."

Nikaomba nifikirie. Nilikwenda nikasimama nje ya banda, nikasikia maziwa yakigonga ndoo. Nilitaka kuingia, Chepkemei. Pale ndipo nilikuwa mtu, na kwenye pipa lile mimi ni uvundo unaotembea. Kemboi akaja akasimama nami, akasema, "Mzee, ingia tu, mkebe ni wa dakika moja." Nikautazama ule mkebe. Ni wa dakika moja kweli, hata mwaka juzi ule ulikuwa wa dakika moja.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilirudi kwa Bwana nikamwambia nachagua mbwa. Akacheka. Kemboi anawaambia watu kwamba harufu imenipanda kichwani. Mama yako aliposikia aliingia ndani, akatoka akaniwekea maji motoni.

Kwa hiyo bado nanuka, na nitanuka mpaka nizeeke. Nachukia kila siku yake. Lakini jioni nikitoka huko nachukua yale maji na sabuni uliyonitumia, naenda nyuma ya nyumba, naoga. Mkono wangu unafika mgongoni, mpaka katikati. Mama yako huuliza kama anisaidie, namwambia akae tu, najiosha mwenyewe.

Ni mimi baba yako,
Kiprugut arap Kosgei